Volti za Ziada Zatoka Wapi?

Iko saketi moja ndogo ambayo katika miaka ya karibuni imependwa mno na wanachuo wetu waendapo katika mazoezi ya kufundisha. Huchukuliwa betri ya tochi iliyochoka, isiyoweza tena kuwasha kitu, ikaunganishwa na transista moja, kikinza kimoja na pete iliyozungushiwa waya, na mara ile taa ndogo nyeupe ya LED ikawaka. Watoto hushangilia. Mwalimu mtarajiwa hufurahi, na mkaguzi aliyeketi nyuma ya darasa huandika katika daftari lake kwamba zana zilitumika vyema. Kwa maoni yetu, katika mengi ya masomo ya namna hiyo tuliyoyashuhudia, sayansi iliyofundishwa ilikuwa kidogo sana, na pengine kilichobaki katika vichwa vya watoto kilikuwa kinyume cha sayansi.

Hatusemi hivyo kwa kuidharau saketi yenyewe. Tunaipenda, na tungependa ibaki katika darasa la skuli ya msingi. Tunachokipinga ni desturi ya kuionyesha kama kiinimacho, kisha kuendelea na somo jingine.

Katika skuli moja ya kaskazini mwa kisiwa chetu, mtoto wa Darasa la Sita aliinua mkono baada ya taa kuwaka, akauliza: "Mwalimu, umesema betri hii imebaki na volti moja, na taa inataka volti tatu. Hizo mbili nyengine zimetoka wapi?" Mwanachuo akajibu: "Transista imezikuza." Mtoto akaketi, na somo likaendelea. Wasomaji wetu watakubali kwamba swali lile lilikuwa zuri kuliko azimio zima la somo. Na jibu lile, ingawa limo katika vitabu vingi, halikuwa jibu. Mtoto mchanga hukuzwa kwa chakula, na mkarafuu hukua kwa maji, mbolea na jua. Volti zilikuzwa kwa chakula gani? Asiyeambiwa hayo huondoka akiamini kwamba kipo kidude cheusi cha miguu mitatu kiwezacho kutoa kitu pasipo kitu. Aaminiye hivyo akiwa na miaka kumi na miwili hatakuwa na silaha yoyote atakapokuwa na thelathini, siku atakapojiwa na mchuuzi wa kisanduku kinachodaiwa kupunguza uniti za tukuza, au cha taa isiyohitaji umeme wala mafuta.

Tuanze basi mahali ambapo mtoto wa Pemba tayari anapajua, nayo ni transfoma iliyo juu ya nguzo. Kabla ya mwaka 2010 kisiwa hiki kiliendeshwa kwa majenereta ya dizeli yaliyokuwa Wesha. Mwaka huo ikaunganishwa kebo iliyolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, yenye kubeba umeme wa kilovolti 33. Hakuna nyumba iwezayo kupokea umeme wa kiasi hicho. Kazi ya transfoma ni kuushusha mpaka ufae majumbani, ambako hutumika kwa volti zipatazo 230. Watoto wengi wanajua hivyo, na aghalabu hujua pia kwamba transfoma yaweza kugeuzwa ikapandisha badala ya kushusha. Hapo mwalimu aulize: kama ni hivyo, kwa nini tusichukue betri yetu ya volti moja, tukaiunganisha na transfoma ndogo ya redio mbovu, tukapata volti tatu?

Wajaribu, waone kwamba hawapati kitu cha kudumu. Sababu yake iligunduliwa na Michael Faraday huko Uingereza mwaka 1831: sumaku haizushi umeme katika waya kwa kuwapo tu, huuzusha inapobadilika. Umeme wa nguzoni hubadilika wenyewe, ukienda na kurudi mara 50 katika kila sekunde, na kwa hiyo transfoma haipumziki. Umeme wa betri huenda upande mmoja kwa utulivu. Koili hupata usumaku, usumaku ukatulia, basi. Anayetaka kupandisha volti za betri hana budi kumtafuta mtu wa kuukata na kuuunga mkondo huo, kuukata na kuuunga, bila kuchoka.

Mtu huyo wa kwanza na awe mwanafunzi mwenyewe. Hapa ndipo penye moyo wa maoni yetu, na tunaomba wanachuo wapazingatie kuliko mahali pengine popote. Transista isiingie darasani mpaka mkono wa mtoto umekwisha kuifanya kazi yake.

Jaribio ni jepesi. Zungusheni waya mwembamba wa shaba, ule uliopakwa dawa ya kuhami ambao mafundi husukia mota, mara 200 au zaidi juu ya msumari mnene. Anayeweza kupata koili ya transfoma ndogo iliyotupwa ataona matokeo mazuri zaidi, ila asishike ncha zake kwa vidole vitupu wakati wa kukata, kwani humtekenya mtu kwa ukali. Kwaruzeni ncha kwa msasa mpaka shaba ing'are. Wanachuo wengi husahau hatua hii ndogo, kisha wakailaumu betri. Ungeni koili na betri moja ya volti 1.5, na sambamba na koili wekeni LED nyeupe kinyumenyume, yaani mguu wake mrefu uwe upande unaokwenda kwenye hasi ya betri. Gusisheni waya wa betri: LED haiwaki. Haiwezi kuwaka, kwa kuwa imewekwa kinyume, na hata ingewekwa sawasawa volti moja na nusu hazitoshi. Achanisheni waya kwa ghafla. Hapo, wakati betri imekwisha kuondolewa, taa humeta mara moja.

Mwacheni mtoto alikariri jaribio hilo mpaka limkere. Taa imewaka baada ya betri kuondoka! Ni nani aliyeiwasha? Yu karibu sana na jibu la swali la mwenzake wa Darasa la Sita, na mwalimu hana haja ya kumsukuma.

Kwa kisiwa cha wavuvi mfano tunao. Mtu husukuma mtumbwi mzito kwa upondo, polepole, kwa muda. Kila msukumo ni mdogo. Mtumbwi ukishika mwendo kisha ukagonga gati, pigo lake hulingana na nguvu ambazo msukumaji hangeweza kuzitoa kwa mkono wake kwa mara moja. Upondo haukuongezwa nguvu, wala gati haikuleta nguvu zake. Kilichokusanywa kwa muda mrefu kimetolewa kwa muda mfupi. Koili ndiyo mtumbwi: betri huusukuma mkondo ndani yake taratibu, nishati ikajikusanya katika usumaku, na mkondo ukizuiwa kwa ghafla koili hukataa kusimama, ikasukuma kwa volti nyingi kadiri zinavyohitajika ili mkondo upate njia. Njia pekee iliyoachwa ni LED. (Tunautaka mfano huu kuliko ule wa tangi la maji lililoinuliwa, ambao umezoeleka vitabuni. Tangi hueleza volti ni nini, lakini halielezi hata kidogo jinsi zinavyopanda.)

Sasa mwalimu aulize mkono waweza kugusisha na kuachanisha mara ngapi kwa sekunde moja. Mara tano? Kumi, kwa aliye hodari? Taa itametameta tu. Tunahitaji mkono uwezao kufanya hivyo mara elfu nyingi, ili jicho lisitambue tena kuzimika kwake. Transista ndiyo mkono huo. Iliundwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwezi wa Disemba 1947, na walioitafiti, yaani Bardeen, Brattain na Shockley, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1956. Babu zetu waliifahamu kwa redio ndogo za mkononi, hata redio yenyewe ikaitwa transista. Mwanafunzi wa skuli ya msingi hahitaji kujua yaliyomo ndani yake. Inatosha ajue kwamba ni swichi isiyoguswa kwa kidole: mkondo mdogo ukiingia kwenye mguu uitwao beizi, njia hufunguka kati ya kolekta na emita; mkondo huo ukikoma, njia hufungika.

Saketi yenyewe hujengwa hivi. Nyaya mbili za shaba zilizohamiwa huzungushwa pamoja mara 15 hadi 20 kwenye pete ya feraiti, kitu cheusi kigumu kama kigae ambacho msingi wake ni oksaidi ya chuma. Ncha ya mwanzo ya waya wa kwanza huungwa na ncha ya mwisho ya waya wa pili, na maungio hayo huenda kwenye chanya ya betri. Ncha iliyobaki ya waya wa kwanza huenda kwenye kolekta. Ncha iliyobaki ya waya wa pili hupita katika kikinza cha omu 1,000, kisha huingia kwenye beizi. Emita huenda kwenye hasi ya betri. LED huwekwa kati ya kolekta na emita, mguu mrefu ukielekea kolekta. Transista yoyote ndogo ya aina ya NPN yafaa, mathalani BC547 au 2N3904, ila ijulikane kwamba mpangilio wa miguu ya hizi mbili ni kinyume, ya kwanza ikianza na kolekta pale ambapo ya pili yaanza na emita. Saketi ikikataa kuwaka, mara nyingi kosa ni moja tu: waya mmoja umeunganishwa upande usio wake. Badilisheni ncha za waya mmoja, mjaribu tena kabla ya kutupa kitu.

Mkondo mdogo huanza kuingia kwenye beizi, na transista ikafunguka kidogo. Mkondo wa kolekta huanza kupanda katika waya wa kwanza. Kupanda huko huzusha volti katika waya wa pili, ambazo huongeza msukumo kwenye beizi, na transista ikafunguka zaidi. Hufika mahali mkondo usiweze kupanda tena. Kupanda kukikoma, msaada wa waya wa pili nao hukoma, beizi hulegea, na transista hujifunga kwa ghafla. Huo ndio wakati mtumbwi unapogonga gati. Volti za koili hujumlika na za betri, LED ikawaka, usumaku ukaisha, na mambo yakaanza upya. Mwezi wa Novemba 1999 saketi ya namna hii ilichapishwa katika gazeti la Uingereza la mafundi wa elektroniki, Everyday Practical Electronics, na baadaye ikabandikwa jina la mzaha la "mwizi wa jouli". Sisi hatulipendi jina hilo kwa matumizi ya darasani. Mwizi huchukua mali ya mwingine, ilhali saketi hii haichukui ila kilichosalia katika betri ileile iliyo mbele yetu.

Kuhusu vifaa, wanachuo hutuambia kwamba Pemba hakuna duka la elektroniki. Ni kweli kwamba aina zote hazipatikani, lakini mafundi wa redio na simu wa Chake Chake, Wete na Mkoani wana masanduku yaliyojaa bodi mbovu, na pete ndogo ya feraiti imo ndani ya kitako cha zile balbu za kubana umeme zenye mrija uliopindapinda. Hapa tunatoa onyo. Mrija wa balbu hiyo una zebaki, na ndani ya kitako mna kapasita iwezayo kubaki na umeme wa hatari baada ya kuchomolewa. Mtoto asiifungue kamwe. Mwalimu naye asivunje mrija, amwachie fundi. Kipande cha fimbo nyeusi kutoka ndani ya redio ya zamani kitafaa badala ya pete, na hakina hatari hizo.

Tumefika kwenye hesabu, na bila hesabu yote yaliyotangulia ni maonyesho tu. Volti peke yake si nishati. Kipimo cha umeme unaotumika kila sekunde hupatikana kwa kuzidisha volti kwa mkondo. Tuseme betri iliyochoka ina volti 1.2 na saketi inavuta miliampea 70. Zidisheni: ni miliwati 84. Tuseme LED ina volti 3 na mkondo wa wastani wa miliampea 15. Ni miliwati 45. Volti zimepanda zaidi ya maradufu, mkondo umeshuka zaidi ya mara nne, na karibu nusu ya nishati imepotelea njiani kama joto katika transista, kikinza na waya. Mtoto aliyewahi kutumwa kwa wakala wa kutoa fedha kwa simu ataelewa upesi: unaweza kubadilisha fedha kutoka namna moja hadi nyingine, lakini hurudi nyumbani na nyingi kuliko ulizokwenda nazo, na wakala hukata chake. Zile volti mbili za mtoto wa Darasa la Sita zimelipwa kwa mkondo, tena kwa bei ya juu.

Mwenye multimita na apime mbele ya darasa, apate tarakimu zake mwenyewe badala ya hizi za kwetu. Aelewe tu kwamba umeme unaotoka katika saketi hii huja kwa vishindo vya haraka, na mita ya bei nafuu huonyesha wastani. Asishangae akiona volti za LED ni pungufu ya tatu ilhali taa inawaka. Hilo nalo ni somo.

Vilevile lisemwe wazi kwamba betri haikufufuliwa. Hatupendi kulisikia neno hilo. Katika betri ya kawaida ya tochi zinki huliwa kadiri umeme unavyotumika, ukinzani wa ndani hupanda, na volti hushuka kila inapobebeshwa mzigo. Tunaposema imekufa, maana yake ni kwamba haitoshelezi tena matakwa ya chombo fulani, na bado yamebaki mabaki. Saketi huyavuta mabaki hayo mpaka volti zikaribie 0.6 hivi, ambapo transista yenyewe hukosa nguvu ya kujifungua. Betri iliyokamuliwa kiasi hicho aghalabu huvuja, kwa kuwa ganda lake la zinki limelika. Isiachwe ndani ya tochi ya mtu, wala isiachwe sakafuni ambako watoto wadogo hucheza.

Wako wenzetu wanaosema kwamba haya ni makubwa mno kwa skuli ya msingi, na kwamba mwalimu mwenye wanafunzi wengi na betri chache hawezi kuyafanya. Hoja ya wingi tunaiheshimu. Ndiyo maana hatupendekezi kila mtoto ajenge saketi ya transista. Mwalimu ajenge moja, na nguvu zote za darasa ziende kwenye jaribio la msumari, ambalo kundi la watoto wanane laweza kulifanya kwa vifaa vya kuokota. Hoja ya ukubwa wa jambo hatuikubali. Swali aliliuliza mtoto, hatukumpa sisi.

Iko pia hoja ya lugha. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia Darasa la Tano, na tunafahamu mzigo ulioangukia mabega ya walimu. Tunaloliomba ni kwamba swali la "zatoka wapi" liulizwe na kujibiwa kwanza kwa lugha ambayo mtoto hubishana nayo na ndugu zake, ndipo istilahi zifuate. Tumewasikia wanafunzi wakitamka kwa Kiingereza safi kwamba transista hukuza, wasiweze kusema hukuza nini.

Kipimo cha kujua kama somo limeeleweka kisiwe mchoro wa saketi ulionakiliwa kutoka ubaoni. Sisi hutumia pawabenki, kile kibenki cha kuchajia simu. Ndani yake mna betri ya volti 3.7, na simu huchajiwa kwa volti 5, kwa hiyo imo ndani yake saketi ya kupandisha volti, ndugu ya hii yetu iliyosomeshwa zaidi. Mgongoni mwake huandikwa, mathalani, miliampea-saa 10,000. Wanafunzi waambiwe wakokotoe ni miliampea-saa ngapi hasa zitatoka kwa volti 5. Wataandika 3.7 mara 10, watapata wati-saa 37. Watagawa kwa 5, watapata 7,400, na hapo joto halijakatwa. Kisha waeleze kwa maneno yao zile 2,600 zimekwenda wapi, na kama mwenye duka amesema uongo. Kwa darasa zima kifaa kimoja chatosha, hata kikiwa kibovu, maana kinachohitajika ni maandishi ya mgongoni tu.